Killeen ipi? Namna ya kusoma majina ya vijiji vya Ayalandi kwa kichwa cha Kiswahili

Wiki yangu ya tatu kazini nilitumwa Killeen. Kazi yenyewe ni kuhudumia wazee majumbani, kusini mwa kaunti ya Galway: unamwamsha mzee, unamsaidia kuoga, unampikia uji wa shayiri, unahakikisha vidonge vya asubuhi vimeingia mdomoni na si mfukoni, kisha unawasha gari kwenda kwa mwingine. Ratiba ilikuja kwenye simu: jina la mzee, saa mbili asubuhi, Killeen. Basi. Ramani ya simu nayo haikusita, ikanipeleka Killeen mpaka uani kwa watu. Mbwa wawili, trekta, na mama mmoja aliyevaa mabuti ya mpira akiniangalia kama nimekuja kuuza Biblia. Hakuna mzee wa jina hilo pale. Ilikuwa Killeen nyingine.

Nilipompata mzee wangu ilikuwa saa nne na nusu. Amekaa jikoni, chai ya jana mbele yake, sweta amelivaa nyuma mbele. Sikujua nianzie wapi kuomba radhi. Nikauliza tu, "Mzee, kwani Killeen ziko ngapi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Binti," akasema, "umeuliza jina. Hujauliza maana yake."

Siku hizi naomba Eircode kwanza, ule msimbo wa herufi na tarakimu saba ambao kila nyumba imepewa tangu 2015. Kabla ya hapo nyumba zote za kitongoji kimoja ziliweza kuwa na anwani ileile, na mtu wa posta akawajua wenyeji kwa sura. Msimbo unakufikisha mlangoni. Lakini yule mzee alinitia ugonjwa wa majina. Nimeendesha gari kati ya vibao vya huku miaka saba sasa, na nimeona kwamba majina haya yanasomeka, tena sisi wa Kiswahili tunayasoma upesi kuliko Mwingereza. Naeleza ninavyofanya mimi.

Macho yaanze juu ya kibao

Kibao cha barabarani cha Ayalandi kina majina mawili. Juu, kwa herufi za mlazo, ni Kiayalandi. Chini, kwa herufi kubwa, ni Kiingereza. Ukiingia maeneo ambako Kiayalandi bado ndiyo lugha ya nyumbani, yale yanayoitwa Gaeltacht, la chini halipo kabisa. Mgeni husoma la chini kwa sababu herufi zake anazizoea. Hapo ndipo anapopotea, maana jina la chini mara nyingi halina maana yoyote. Ni sauti tu.

Fikiria Kariakoo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Dar es Salaam wakakitamka kwa mdomo wao, ikawa Kariakoo. Nairobi ikawa Kariokor. Sasa mchukue mtu asiyejua habari hiyo, mwambie achambue neno "Kariakoo" kwa kamusi ya Kiswahili. "Karia" ni nini? "Koo" la nani? Atakesha. Ayalandi imetokea jambo lilelile, kinyume chake: Waingereza walisikia Kiayalandi wakakiandika kwa masikio yao.

Mengine yaliandikwa hivyo tangu hati za ardhi za karne ya 17. Yaliyobaki yaligandishwa na ramani. Mwaka 1824 serikali ya Uingereza ilianza kupima kisiwa kizima kwa kipimo cha inchi sita kwa maili. Shabaha ilikuwa kodi: huwezi kumtoza mtu kodi sawasawa kama hujui kitongoji chake kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Vitongoji hivyo ni zaidi ya 60,000, na kila kimoja kilihitaji tahajia moja ya kuchapwa. Kazi ya majina ikamwangukia John O'Donovan, mtoto wa mkulima kutoka kaunti ya Kilkenny, aliyeajiriwa mwaka 1830. Alizunguka kaunti baada ya kaunti akiwauliza wazee wanavyolitamka jina la kwao, akaandika umbo la Kiayalandi kwenye daftari. Ramani ikachapwa kwa sauti ya Kiingereza. Kiayalandi kikabaki daftarini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulipata jina la Kiayalandi, na usilibuni kutoka kwenye la Kiingereza. Ingia Logainm, hazina ya majina ya mahali inayotunzwa kwa fedha za umma na kutumiwa bure. Neno lenyewe ni log, mahali, na ainm, jina. Andika jina la Kiingereza, chagua kaunti, kisha parokia. Usiruke parokia, ndiyo kosa nililofanya mimi. Utapata umbo la Kiayalandi, kwa majina mengi kuna sauti ya kusikiliza, na mara nyingine kuna picha za kadi za zamani zinazoonyesha jina lilivyoandikwa huku na huku kwa karne kadhaa. Zile kadi ni tamu. Nimewahi kukaa nazo ndani ya gari mpaka maziwa niliyomnunulia mzee yakapata joto.

Sasa soma kwa mpangilio wako mwenyewe

Hapa ndipo penye raha. Cnoc Mór: cnoc ni kilima, mór ni kubwa. Kilima Kikubwa. Neno kwa neno, kwa mpangilio uleule. Mwingereza lazima ageuze, aanze na ukubwa ndipo aje kwenye kilima. Wewe huna haja.

Na umiliki ni vilevile: kitu kwanza, mwenyewe baadaye. Dublin kwa Kiayalandi ni Baile Átha Cliath. Baile ni mji au makazi, áth ni kivuko cha miguu mtoni, cliath ni fito zilizosukwa, kama zile za kujengea nyumba ya udongo. Mji wa Kivuko cha Fito. Zamani walitandaza fito hizo ili watu na ng'ombe wavuke mto Liffey bila kuzama kwenye tope. (Jina Dublin lenyewe pia ni la Kiayalandi, ila ni la mahali pengine ndani ya mji huohuo: Dubh Linn, Dimbwi Jeusi, lililokuwa mahali penye bustani ya ngome ya mji leo.) Usitegemee kusikia silabi zote. Wenyeji hukata, utasikia kitu kama "Bla-kliya" na mazungumzo yanaendelea.

Neno an ukiliona katikati ni kibainishi tu, kwetu hakipo, liruke. Na ukiiona na, nayo ni hiyohiyo kwa wingi au kwa nomino za kike. Usiisome kama "na" yetu. Mac, ambayo katika majina ya mahali huonekana kama Mhic, ni "bin". Karibu na Gort kuna magofu ya monasteri yanayoitwa Kilmacduagh, Cill Mhic Duach, Kanisa la Bin Duach, yaani Mtakatifu Colmán. Mnara wake wa mviringo una urefu wa mita 34 hivi na umeinama kama mtu anayesikiliza umbea.

Udogo sisi tunauweka mbele kwa ki-, wao wanauweka nyuma kwa -ín. Doire ni kichaka cha mialoni. Doirín ni kichaka kidogo. Ndiyo Ballinderreen, Baile an Doirín, ninakopita kila Jumanne. Ile "een" mwishoni mwa majina ya Kiingereza mara nyingi ni huyo -ín.

Kichwa cha neno kikibadilika, usishtuke

Watu wengi wanaojifunza Kiayalandi hukata tamaa wakifika hapa. Neno linabadilika mwanzoni. Gall, mgeni, linakuwa nGall. Muir, bahari, linakuwa mhara ndani ya jina. Mwenzangu wa kazini, Mpolandi, aliniambia hii ni lugha ya wendawazimu. Nikamwuliza, umewahi kusikia jino na meno? Ulimi na ndimi? Sisi tumezaliwa tukibadilisha vichwa vya maneno.

Kuna mabadiliko ya aina mbili. La kwanza ni kulainisha: h inaongezwa baada ya konsonanti. Bh na mh zinakuwa v, na huku magharibi mara nyingi w. Ph ni f. Th na sh zote zinakuwa h tupu. Fh inanyamaza kimya. Ch ni kh ya "kheri" kama alivyoisema bibi yangu Tanga, kooni. Na dh na gh mwanzoni mwa neno, zikifuatwa na a, o au u, ni gh ya "ghali" na "ghafla" bila kupunguza; zikifuatwa na e au i ni y. Katikati na mwishoni mwa neno hizo gh na dh mara nyingi ni pambo tu, usihangaike nazo. Mzee wangu alishangaa nilipotamka dhá, mbili, mara ya kwanza nikapatia. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikamwambia soko la Ngamiani, bei ya samaki.

Jaribu sasa Kinvara, mji mdogo wa bandari. Kiayalandi chake ni Cinn Mhara. Cinn inatokana na ceann, kichwa. Mara ni "wa bahari", na m yake imelainika ikawa mh, yaani v. Kin-vara. Kichwa cha Bahari. Usidhani ni rasi inayotokeza majini. Ni pale ghuba inapoishia ndani ya nchi kavu, maji yakijaa yanagusa ukuta wa gati, yakipwa unaona mwani na mashua zimelala ubavu.

Badiliko la pili ni kufunika. Konsonanti mpya inakaa mbele, ile ya asili inabaki nyuma yake bila kutamkwa: gC ni g, dT ni d, bP ni b, mB ni m, nD ni n, bhF ni v. Na nG? Nilipoisikia nilikaribia kumkumbatia mtangazaji wa redio. Ni ng' ya ng'ombe. Mwingereza hawezi kuanza nayo neno hata umlipe. Dún na nGall, yaani Donegal, ni Ngome ya Wageni, na wewe unaitamka kama mwenyeji tangu siku ya kwanza.

Faida ya kufunika ni hii: herufi kubwa inabaki kwenye mzizi. Ukiona Carraig na bhFear, nenda kamusini kwenye F, fear, mwanamume. Mwamba wa Wanaume. Kiingereza wameandika Carrignavar, na ile v inakuambia walisikia vizuri ingawa hawakuelewa. Ukiona An Muileann gCearr, tafuta C, cearr, kombo. Muileann ni kinu cha kusagia. Ni mji wa Mullingar, na hadithi yake inasema gurudumu la kinu kile lilizunguka upande usio wake.

Alama ya mkwaju juu ya irabu, á é í ó ú, ni ya kurefusha, kama tunavyoandika aa. Usiiache unapotafuta kamusini. Fear ni mwanamume, féar ni majani ya ng'ombe.

Maneno ya kubeba mfukoni

Huna haja ya lugha nzima. Maneno kama ishirini yatakutembeza nchi. Nyanda na vilima: cnoc (Knock) kilima, droim (Drum, Drom) mgongo, kama sisi tunavyosema mgongo wa mlima, gleann (Glen) bonde, sliabh (Slieve) mlima, carraig (Carrick) mwamba, cluain (Clon) uwanda wa malisho. Clontarf, ambako vita vya mwaka 1014 vilipiganwa na mfalme Brian Boru akafa, ni Cluain Tarbh, Malisho ya Mafahali. Clonmel ni Cluain Meala, Malisho ya Asali. Maji: loch ziwa, abhainn mto, trá ufuko, tobar kisima, inis kisiwa. Glendalough, Gleann Dá Loch, Bonde la Maziwa Mawili. Gort ni shamba, na mji wa Gort ninakonunua nyama jina lake kamili, Gort Inse Guaire, linamtaja Guaire, mfalme wa Connacht wa karne ya 7 aliyesifika kwa ukarimu. Lakini watu wanasema tu Gort. "Naenda Shamba."

Ceathrú ni robo. Ardhi iligawanywa kwa robo, ndiyo maana kuna Carrow hii na Carrow ile kila upande. Carraroe, kule kwa wasema Kiayalandi, ni An Cheathrú Rua, Robo Nyekundu, wekundu wa kutu.

Nikae kidogo kwenye ráth na lios (Rath, Lis). Kamusi za Kiingereza huyaita ngome, na wewe ukafikiria mizinga. Si hivyo. Ni boma. Duara la udongo ulioinuliwa, familia inakaa ndani na ng'ombe wanaingizwa usiku, kama boma lolote la mfugaji wa kwetu. Mengi ni ya kati ya mwaka 500 na 1000, na duara zake bado zinaonekana mashambani makumi ya maelfu. Mkulima mwenye trekta la mamilioni analizunguka duara hilo, halilimi, kwa sababu ya "wale watu". Hawataji jina la hao watu, kama kwetu usivyotaja waliomo kwenye mbuyu. Nilicheka siku ya kwanza, halafu nikakumbuka nilikotoka nikanyamaza.

Rangi: dubh nyeusi, bán nyeupe, dearg nyekundu, rua ya kutu, buí njano, glas kijani au kijivu kadiri ya mtazamaji. Gorm ni buluu. Ujue pia kwamba kwa Kiayalandi cha mazoea mtu mweusi ni duine gorm, mtu wa buluu, maana fear dubh lilishachukuliwa na Shetani. Mama mmoja wa miaka tisini aliniita hivyo kwa upole kabisa huku namfunga vifungo. Nikajitazama mkono.

Mitego

Kil ni mtego mkubwa. Mara nyingi ni cill, kanisa la mtawa wa kale. Kildare ni Cill Dara, Kanisa la Mwaloni, la Mtakatifu Brigid. Lakini pia inaweza kuwa coill, msitu. Kylemore ya Connemara, yenye abasia inayopigwa picha na kila mtalii, ni An Choill Mhór, Msitu Mkubwa. Ukiona baada ya Kil kuna jina la mtu, kama Kilcolgan, Cill Cholgáin, elekea kanisani. Vinginevyo tafuta kaburi la zamani kwenye ramani. Hakuna kaburi, shuku msitu, kisha thibitisha Logainm.

Bally nayo si baile siku zote. Ballina ya Mayo ni Béal an Átha, Mdomo wa Kivuko. Ballinasloe ni Béal Átha na Sluaighe, Mdomo wa Kivuko cha Umati, na mpaka leo kila Oktoba umati unakuja pale kwa mnada wa farasi. Dawa yake ni kuangalia kama mto unapita mjini.

Letterkenny haina barua. Leitir ni mteremko wa kilima, aghalabu wenye majimaji. Athboy haina mvulana. Ni Baile Átha Buí, Mji wa Kivuko cha Njano. Na Moneygall haina pesa. Ni Muine Gall, Kichaka cha Wageni. Ndipo Rais Obama alipokwenda Mei 2011 kunywa bia na ndugu wa upande wa mama yake, mtoto wa baba kutoka Kogelo amesimama Kichaka cha Wageni. Wenzangu wa kazini walio Wakenya nilipowaeleza walitaka tubadilishe jina la kundi letu la WhatsApp.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni Cobh, bandari ya kaunti ya Cork. Limeandikwa Kiayalandi, ukilichambua utahangaika. Ni neno la Kiingereza, "cove", ghuba ndogo, lililovishwa nguo za Kiayalandi. Mwaka 1849 Malkia Victoria alipita, wakaita Queenstown, na kwa jina hilo Titanic iliiaga mwaka 1912. Mwaka 1920 likarudi Cobh. Mwaka huohuo Kingstown ikarudi kuwa Dún Laoghaire, Ngome ya Laoghaire.

Majina yasiyojuana

Kuna vibao ambavyo la juu na la chini hayana hata undugu. Salthill, ufuko wa mji wa Galway, juu yake imeandikwa Bóthar na Trá, Barabara ya Ufukweni. Bóthar, barabara, limetokana na bó, ng'ombe: barabara ilikuwa njia ya kupitisha ng'ombe. Maam Cross ni An Teach Dóite, Nyumba Iliyoungua. Waterford na Wexford ni maneno ya Waviking, wakati Kiayalandi kina yake, Port Láirge na Loch Garman. Peterswell, karibu na ninapoishi, limetafsiriwa kweli: Tobar Pheadair, Kisima cha Petro. Ukikutana na haya usilazimishe. Pokea majina mawili kama mtu mwenye jina la shule na jina la nyumbani.

Wala usibishane nayo baa. Mwaka 2005 serikali iliamuru mji wa Dingle uitwe An Daingean tu kwenye vibao, kwa kuwa uko ndani ya Gaeltacht. Wenyeji wanaishi kwa watalii, na watalii wanaijua Dingle. Mwaka 2006 wakapiga kura wakitaka Dingle na Daingean Uí Chúis pamoja, na sheria ikawakubalia mwaka 2011. Nimekutana na watu wa kule ambao bado hawajapoa.

Mwisho, uliza mwenye shamba

Kamusi inakupa maana, ardhi ndiyo inayokuambia kama maana hiyo imekaa. Kabla sijaamini jina huwa nasimamisha gari nitazame: kilima kiko wapi, maji yako wapi, duara lile ni boma au shimo la kuchimba kokoto. Halafu nauliza wazee ninaowahudumia. Usiulize "jina hili lina maana gani", watakuambia hawajui, ni kama kuwapa mtihani. Uliza, "Ule uwanja pale nyuma mnauitaje?" Kila uwanja una jina, hata usio kwenye ramani yoyote.

Kwa yule mzee wa Killeen nilichelewa karibu mwaka kuuliza. Nilishajua cillín ni kanisa dogo, na kwamba Killeen nyingine ni coillín, msitu mdogo. Pale kwake hapakuwa na msitu wala kanisa. Kulikuwa na kona ya uwanja, duara la miti ya miiba inayochanua meupe mwezi wa Mei, na ndani yake mawe madogo yasiyoandikwa kitu. Mpwa wake anayemlimia hukata majani mpaka pale, kisha anageuza mashine. Siku hiyo nilikuwa namkata kucha. Nikauliza wanapaitaje.

"Hapo ndipo Killeen," akasema. Akaangalia dirishani. "Kaka yangu yuko pale. Wa kwanza. Hakufika jioni."

Akanieleza taratibu. Mtoto aliyekufa bila kubatizwa hakuruhusiwa kuzikwa makaburi ya kanisa, na mambo yalikuwa hivyo mpaka katikati ya karne ya 20. Baba alibeba kisanduku usiku, peke yake, bila padri, mpaka mahali ambapo watu wa kale waliwahi kuwa na kikanisa au boma, pakawa patakatifu kwa namna yao. Sehemu hizo ndizo cillín. "Sasa unajua kwa nini ziko nyingi," akasema, akanipa mkono wa pili.

Si kila Killeen ni hiyo, narudia. Logainm kwanza, ardhi, kisha mtu. Ila tangu siku ile nikiona jina hilo kwenye ratiba sipigi honi ninapoingia uani.

Ratiba yenyewe bado inakuja kwa Kiingereza. Naiandika upya kwenye daftari langu usiku, nikishakunywa chai, kwa sababu nikiiandika hivi sipotei tena. Kesho Jumatatu: Kichwa cha Bahari, saa mbili asubuhi. Kanisa la Colgán, saa nne. Kisima cha Petro, saa saba, apewe supu, asisahau miwani. Shamba, saa tisa, nipite kwa muuza nyama.